Ya Leo au ya Kesho? Ndani ya Duka la Jibini Mjini Paris

Katika duka hili huulizwi kwanza unataka jibini gani. Unaulizwa utaila lini. Leo mchana? Leo usiku? Kesho kutwa, wageni wakija? Mama mwenye duka hagusi kisu mpaka apate jibu. Ukimwambia ni ya chakula cha usiku wa leo, anachukua Camembert moja, anafunua kijisanduku chake cha mbao, anaibonyeza katikati kwa kidole gumba, kisha anairudisha. Anachukua ya pili, anaibonyeza, anairudisha pia. Ya tatu ndiyo anayokufungia. Yeyote aliyenunua parachichi Kariakoo au Marikiti ameshaulizwa swali hilohilo, la leo au la kesho, na ameshakiona kidole cha namna hiyo kikifanya kazi. Ila parachichi humdai mwuzaji siku tatu nne za uangalizi, na baadhi ya jibini zilizomo humu zimedai zaidi ya miaka miwili.

Duka lenyewe ni dogo. Liko upande wa kushoto wa mto Seine, katika mtaa wa watu wanaoishi hapohapo, mbali kidogo na njia za watalii. Kaunta ni ya marumaru. Juu yake jibini zimelazwa kwenye mikeka ya nyasi kavu, kila moja na kibao chenye jina lake, mahali ilikotoka, mnyama aliyetoa maziwa, na maneno mawili yaliyoandikwa kwa wino mzito kuliko mengine: lait cru, yaani maziwa mabichi, yasiyopashwa moto. Nyuma ya kaunta magurudumu makubwa ya jibini za milimani yamerundikwa hadi usawa wa kifua. Harufu hukupokea kabla ya mwenyeji. Mna maziwa humo, mna zizi, mna uyoga, mna udongo ulionyeshewa. Asiyeizoea anaweza kutaka kurudi nyuma. Namsihi avumilie kidogo, kwa sababu pua huanza kuzitenga harufu hizo moja moja, na hapo ndipo duka linapofunguka.

Nilitaka kuiona kazi ya mtu aliye kati ya mfugaji na mlaji. Wafaransa humwita fromager mwuzaji wa jibini, na yule anayezilea jibini mpaka zikomae humwita affineur. Mama huyu ni vyote viwili. Zamani maduka ya maziwa ya Paris yaliuza maziwa, siagi, mayai na jibini chache, nyingi zikitoka karibu na mji. Mwaka 1909 Henri Androuët alifungua duka kwa nia ya kuwaletea watu wa Paris jibini za mikoa yote ya Ufaransa, na jina lake bado linatajwa kila biashara hii inapozungumzwa. Mwaka 2000 wauza jibini walipata nafasi yao katika shindano la mafundi bora wa Ufaransa, lile ambalo washindi wake huvaa kola yenye rangi za bendera ya taifa. Miongoni mwa washindi wa mwaka huo alikuwamo Marie Quatrehomme, mwenye duka katika barabara ya Sèvres, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo kwa kazi ya jibini. Nayataja hayo ili msomaji ajue kwamba kuuza jibini huko ni ufundi wenye mitihani, sawa na uashi au useremala.

Safari ya kuonja huanzia kwa mbuzi, kwa sababu jibini zao ni laini na ulimi haujachoshwa bado. Mama anakata kipande chembamba cha Sainte-Maure de Touraine, jibini ndefu kama mchi mdogo, imepakwa majivu, na katikati yake limepita bua kavu la nafaka. Bua hilo huishikilia jibini isivunjike ikiwa bado changa, na siku hizi huchorwa alama ya kumtambulisha aliyeitengeneza. Kisha anasogeza Valençay, yenye umbo la piramidi iliyokatwa kichwa. Watu husimulia kwamba Napoleon, akirudi Misri alikoshindwa, aliiona na kuikata ncha kwa upanga kwa hasira. Mama anaisimulia hadithi hiyo kwa sababu wateja wanaipenda, kisha anasema yeye haiamini.

Anachokiamini ni majira. Mbuzi akiachwa afuate maumbile yake huzaa mwishoni mwa baridi, hutoa maziwa tele tangu majira ya machipuko hadi vuli, kisha hupumzika. Wapo wafugaji wanaotumia taa zizini kumhadaa mnyama ili azae wakati mwingine, na jibini yao hupatikana mwaka mzima. Yeye hununua zaidi kwa wale wanaowapumzisha mbuzi wao. Ndiyo maana Desemba, mwezi ambao watu wa Paris hufungua mifuko yao kuliko wakati mwingine wowote, safu ya mbuzi kwenye kaunta yake hupungua mno. Wateja hulalamika. Yeye huwaelekeza kwenye Mont d'Or, jibini ya ng'ombe iliyofungwa ukanda wa gome la mti wa jamii ya msonobari, ambayo kwa sheria hutengenezwa kati ya tarehe 15 Agosti na 15 Machi tu. Ni laini hata huliwa kwa kijiko. Nilivutiwa na ukaidi huo. Mfanyabiashara anayekataa kuuza mwezi wa mavuno ya fedha ana jambo analolilinda.

Kutoka hapo tunapanda milimani. Reblochon ya Savoie ina kidonge kidogo cha rangi juu ya ganda lake. Cha kijani maana yake imetengenezwa shambani kwa maziwa ya kundi moja, na chekundu maana yake imetoka kiwandani au kwenye ushirika uliokusanya maziwa ya wafugaji kadhaa. Asili yake ni ujanja wa watu wa chini. Karne nyingi zilizopita, wafugaji wa bonde la Thônes walilipa kodi ya malisho kwa kipimo cha maziwa yaliyokamuliwa siku mwenye ardhi alipokuja kupima. Siku hiyo walikamua nusunusu. Mwenye ardhi akishaondoka, walirudi kwa ng'ombe na kumalizia maziwa yaliyobaki kwenye chuchu, ambayo ndiyo yenye malai mengi zaidi. Kwa maziwa hayo ya siri walitengeneza jibini ya kula wenyewe. Mama anapoisimulia hii, tofauti na ile ya Napoleon, haongezi neno lolote la kutilia shaka.

Mbele ya Comté anabadilika kabisa. Anavuta kiti, anafuta mikono, anashusha sauti. Gurudumu moja la Comté lina uzito wa kilo 40 hivi na limekula lita 400 za maziwa, au karibu na hapo. Maziwa hayo hutoka kwa ng'ombe wa aina mbili tu, Montbéliarde na Simmental, katika milima ya Jura inayopakana na Uswisi, na ni marufuku kuwalisha majani yaliyovundikwa. Wakulima wa huko wamekuwa wakiunganisha maziwa yao tangu karne za kati, kwa sababu hakuna mkulima mdogo aliyekuwa na ng'ombe wa kutosha kujaza gurudumu peke yake. Vyama vyao vya kijiji huitwa fruitières, na bado vinafanya kazi. Jibini ikishatengenezwa hupelekwa kwenye nyumba za ukomazaji na kukaa huko si chini ya miezi minne. Nyingi hukaa mwaka, na chache hupita miaka miwili.

Mojawapo ya nyumba hizo ni ngome ya kijeshi. Fort Saint-Antoine ilijengwa msituni Jura baada ya vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, kuta zake zikafunikwa udongo ili zisionekane na adui. Mwaka 1966 mkomazaji aitwaye Marcel Petite alizijaza jibini korido zake, kwa imani kwamba baridi ya taratibu na muda mrefu vingeipa Comté ladha ambayo vyumba vyenye joto, vilivyopendwa na wafanyabiashara wa wakati ule, havikuweza kuitoa. Leo magurudumu yaliyomo humo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mkomazaji hupita kati ya safu hizo na kifaa kidogo cha chuma. Huligonga gurudumu kwa upande mmoja wa kifaa na kusikiliza kama ndani kuna ufa au pengo, kisha kwa upande wa pili huchoma na kutoa kijipande chembamba cha kuonja, na tundu huzibwa kwa jibini ileile.

Mama ananiwekea vipande vitatu vya Comté kwenye ubao, bila kusema chochote. Cha kwanza ni cheupe kidogo. Cha pili ni cha njano kama siagi. Cha tatu kina vidoto vyeupe vinavyovunjika menoni. Kisha anaeleza: cha kwanza ni cha maziwa ya baridi, ng'ombe wakiwa zizini wanakula nyasi kavu, cha pili ni cha kiangazi, na rangi yake imetokana na majani mabichi na maua ya malishoni, cha tatu ni mzee wa zaidi ya miaka miwili, na vile vidoto ni fuwele zinazojitengeneza protini inapovunjikavunjika kwa muda mrefu. Ladha yake ilinikumbusha karanga zilizokaangwa, kisha nyama iliyochemshwa, kisha tunda ambalo sikuweza kulitaja. Ng'ombe ni wa aina ileile, milima ni ileile, kanuni ni zilezile. Sikuwahi kufikiri kwamba mwezi wa mwaka unaweza kuonekana kwenye kipande cha chakula kwa uwazi kiasi hicho.

Salers tuliipitia haraka zaidi, lakini ina jambo ambalo msomaji wa Kimaasai au wa Ankole hahitaji kufafanuliwa. Ng'ombe wa kienyeji wa milima ya Auvergne, anayeitwa pia Salers, hakubali kushusha maziwa mpaka ndama wake aletwe. Ndama hunyonya kwanza, kisha hufungwa kwenye mguu wa mama yake wakati wa kukamua. Wafugaji wanaoendelea na utaratibu huo sasa ni wachache, na jibini yao hupewa alama yake ya pekee. Jibini ya Salers hutengenezwa shambani kwa maziwa yaliyokusanywa katika pipa la mbao, kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Novemba tu, ng'ombe wakiwa malishoni. Agosti 2022 ukame ulikausha majani ya Auvergne, na kwa kuwa kanuni inadai ng'ombe wale majani ya malisho kwa sehemu kubwa, utengenezaji ulisimamishwa kabisa kwa muda. Wangeweza kuwalisha ng'ombe chakula cha dukani na kuendelea kuuza. Walisimama.

Jibini ya kondoo anayoipa nafasi ya heshima ni Roquefort. Hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya kondoo wa Lacaune, na ni lazima ikomazwe katika mapango ya mlima Combalou, kijijini Roquefort-sur-Soulzon, kusini mwa nchi. Mlima huo ulibomoka zamani sana na mawe yake yakarundikana ovyo, yakaacha nyufa ndefu zinazopitisha hewa baridi yenye unyevu. Nyufa hizo, fleurines kwa lugha ya huko, ndizo zinazoyafanya mapango yawe na hali moja mwaka mzima. Ukungu wa buluu unaotambaa ndani ya jibini ni Penicillium roqueforti, ambao zamani ulikuzwa kwenye mikate mikubwa iliyoachwa ioze mapangoni, ikasagwa, na unga wake ukachanganywa kwenye maziwa. Mwaka 1411 mfalme Charles wa Sita aliwapa wanakijiji haki ya pekee ya kuikomaza. Tarehe 26 Julai 1925 bunge la Ufaransa lilitunga sheria ya kulilinda jina hilo, na Roquefort ikawa jibini ya kwanza nchini humo kupata ulinzi wa jina na asili yake. Leo jibini 46 za Ufaransa zina ulinzi wa namna hiyo unaotambuliwa na Umoja wa Ulaya.

Mama haamini kwamba sheria peke yake inaokoa kitu. Mfano wake ni Époisses ya Burgundy, jibini yenye ganda la rangi ya machungwa na harufu inayofika mlangoni kabla ya mteja. Baada ya vita viwili vya dunia ilikuwa karibu kutoweka, kwa kuwa waliojua kuitengeneza walikuwa wamezeeka au wamekufa. Mwaka 1956 mume na mke wakulima, Robert na Simone Berthaut, waliamua kuifufua kwa kuwauliza waliokuwa bado wanakumbuka. Ulinzi wa kisheria ulikuja mwaka 1991, jibini ikiwa imeshaokolewa na mikono ya watu.

Baada ya hapo tukashuka chini. Ngazi ni nyembamba, ya mawe, na ukuta wake una unyevu ukiugusa. Chumba kilicho chini ya duka kina baridi ya nyuzi kumi hivi, na hewa imejaa maji hata nguo huanza kulowa. Rafu zote ni za mbao za msonobari, zisizopakwa rangi wala kufunikwa plastiki. Mbao hunyonya unyevu unapozidi na kuurudisha unapopungua, na ndani ya nyuzi zake huishi vijidudu vyema vinavyolipa ganda la jibini umbo lake. Mama huzipiga brashi mbao hizo kwa maji, huzikausha, lakini hazimwagii dawa kali ya kuua kila kitu.

Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, kazi inayofanyika humu ni ya mikono mitupu. Jibini hugeuzwa, isije maji yake yakatuama upande mmoja na ganda likaoza. Nyingine husuguliwa kwa brashi kavu. Nyingine hufutwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi, kazi inayowaita vijidudu vya rangi ya machungwa na kuwafukuza wengine. Mimolette ya kaskazini, yenye nyama nyekundu kama boga, huachwa ishambuliwe na utitiri, wadudu wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, ambao hulitoboa ganda na kuiruhusu jibini ipumue. Hupigwa brashi mara kwa mara, wasije wakala zaidi ya ganda. Mwaka 2013 wakaguzi wa Marekani walizuia shehena za Mimolette kwa sababu ya wadudu hao. Wapenzi wake huko New York waliandamana kwa kuwagawia wapita njia jibini ya kuonja.

Nilimtazama akichukua jibini moja ndogo ya mbuzi, akainusa, akaigeuza, akairudisha nyuma ya nyingine. Nilipouliza, alisema haijawa tayari, labda Alhamisi. Hakukuwa na kipimo wala karatasi. Elimu ya kazi hii sasa inafundishwa vyuoni na ina cheti cha taifa, lakini kilichomwambia Alhamisi hakifundishwi kwa muhula mmoja.

Tuliporudi juu alitaka kuzungumzia Camembert, na hapa ndipo hasira yake ilipojitokeza. Simulizi maarufu humtaja Marie Harel, mwanamke wa Normandy, kuwa ndiye aliyeitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1791, wakati wa Mapinduzi, akisaidiwa na padri aliyekuwa amejificha. Sanamu yake ilisimamishwa katika mji wa Vimoutiers, ikaharibiwa na mabomu ya Wamarekani mwaka 1944, na ikajengwa nyingine kwa michango ya wafanyakazi wa kiwanda cha jibini cha Ohio. Kijisanduku cha mbao kilichobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kiliiwezesha kusafiri mbali bila kupondeka, na wanajeshi wa vita vya kwanza vya dunia waliila mahandakini. Umaarufu huo ndio uliokuja kuiponza. Jina Camembert lenyewe halikulindwa kwa wakati, na leo linaweza kubandikwa kwenye jibini iliyotengenezwa popote, kwa maziwa yoyote. Kilicholindwa, tangu 1983, ni Camembert de Normandie: maziwa mabichi, sehemu yake ikitoka kwa ng'ombe wa Normandy, na maziwa yaliyoganda yakichotwa kwa upawa na kumwagwa kwenye kikombe, upawa juu ya upawa, kwa kawaida mara tano, kila tabaka likiachwa lishuke kwanza.

Mwaka 2007 watengenezaji wakubwa wa Normandy waliacha maziwa mabichi katika sehemu kubwa ya uzalishaji wao wakitaja usalama wa walaji, wakaomba kanuni ilegezwe. Mabishano yaliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na kanuni ya maziwa mabichi ikabaki. Kwa mama huyu, maziwa yaliyopashwa moto ni maziwa yaliyofutwa kumbukumbu: vijidudu vya zizi lile, vya malisho yale, vimekwisha, na mahali pake vimewekwa vya kununua. Watafiti wa kituo cha taifa cha sayansi cha Ufaransa, CNRS, walionya mwaka 2024 kwamba hata ukungu mweupe unaofunika Camembert umetokana na ukoo mmoja uliorudufiwa kwa miongo mingi hadi ukapoteza uwezo wa kuzaa vizuri. Viwanda vilitaka weupe ulio sawasawa kila siku, na viumbe wenyewe wamedhoofika.

Namwunga mkono, lakini na wale wanaoogopa maziwa mabichi hawaogopi hewa. Mamlaka za Ufaransa zenyewe huwashauri wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na watu wenye kinga dhaifu wasile jibini laini za maziwa mabichi. Jibini ngumu zilizopikwa, kama Comté, hazimo katika katazo hilo. Mama analijua, na mwanamke mjamzito akiingia humwelekeza huko moja kwa moja.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji Mwislamu anapaswa kulijua kabla ya kununua. Jibini nyingi za asili huko hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho tumboni mwa ndama au mwanakondoo, na ganda la Époisses huoshwa kwa pombe kali ya zabibu iitwayo marc. Nilipomwuliza mama, hakuona swali langu kuwa la ajabu. Alianza kunionyesha moja moja, hii imegandishwa kwa nini, ile imeoshwa kwa nini. Mwuzaji anayemjua aliyemletea bidhaa anaweza kujibu maswali ya namna hiyo. Rafu ya dukakuu haiwezi.

Bei zake ni kubwa, sitaficha. Kilo ya Comté iliyokomaa miaka miwili hupita euro 30 kwa urahisi katika maduka ya aina hii. Sehemu kubwa ya Wafaransa hununua jibini yao kwenye maduka makuu, kwa bei ya chini sana, ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Lakini ndani ya bei ya mama huyu kuna mfugaji wa mbuzi aliyelipwa vizuri kiasi cha kuweza kumpumzisha mnyama wake, kuna mwaka wa kukodi rafu, kuna magurudumu yaliyoharibika na kutupwa. Mfugaji mwenye mbuzi hamsini hawezi kuzungumza na kampuni yenye maduka mia tano. Hana mzigo wa kuijaza hata wiki moja. Anaweza kuzungumza na mama mwenye kaunta moja. Maduka haya yakifa, mashamba hayo yatabaki na soko la kijijini tu, na mengi hayatabaki na chochote.

Kwetu jibini inatengenezwa pia. Wasomaji wa Goma na Bukavu wanaijua ya Masisi, magurudumu ya njano yanayotoka vilima vya Kivu Kaskazini na kuendelea kuuzwa licha ya vita vilivyowapora wafugaji ng'ombe wao. Wakenya wanaijua ya Limuru, Watanzania wanaijua ya Njombe. Maziwa tunayo, mikono tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kati anayesubiri: anayeinunua ya Masisi ikiwa changa, akaiweka mahali pa baridi miezi sita, akaigeuza, akaipiga brashi, kisha akaiuza akijua jina la kilima ilikotoka. Naamini jibini ya Masisi inastahili kulelewa hivyo. Mfanyabiashara wa Goma au Nairobi atakayethubutu atapata wateja.

Nawe ukifika Paris, usijaribu kuonja kila kitu. Ukiingia, salimia kwanza, bonjour madame, maana asiyesalimia huhudumiwa kwa ubaridi. Sema una watu wangapi na mtakula lini, kisha mwache mwenye duka achague jibini tatu, ya mbuzi, ya milimani na ya buluu. Kwa kipande cha Brie, usikate ile ncha ya ndani. Ndiyo sehemu tamu, na anayeikata amewanyima wenzake. Kata kwa urefu ili kila mmoja apate moyo na ganda. Zitoe kwenye friji saa moja kabla ya kula, kwa kuwa baridi huzifunga mdomo. Nenda asubuhi, kabla ya foleni ya chakula cha mchana, na usiende Jumatatu. Mengi ya maduka haya hufungwa siku hiyo.